Presha ya dabi: kwa nini tumbo linachafuka kabla hata refa hajapuliza kipyenga

Simba na Yanga wakikaribia kukutana kuna ubishi huwa unazuka vijiweni hapa Arusha, kuanzia Kilombero sokoni mpaka Kwa Mrombo, na wala hauhusu nani anaanza golini. Mmoja anasema tangu asubuhi hajala, presha imepanda. Mwenzake anamkatisha, we una miaka 24 presha umeitoa wapi. Wa tatu anadakia kwamba mtaani kwao kuna mzee alianguka kwenye banda umiza, kile kibanda cha kulipia kuangalia mpira, akafa kwa ajili ya dabi, na hapo ndo kila mtu anageuka daktari, huyu anasema mpira unaua, yule anasema wazee wa zamani walikuwa na moyo mgumu, na muuza kahawa anasema ni majani ya chai ndo yanaleta.

Wote wanagusa kitu cha kweli kidogo, shida ni kwamba wanaongelea vitu vitatu tofauti kwa jina moja. Cha kwanza ni kimuhemuhe, ile hali ya roho kutotulia, mikono baridi, unaenda chooni mara tatu na mechi bado masaa mawili. Cha pili ni msukumo wa damu kupanda kwa muda, ambao unampata binadamu yeyote akishtuka, akipandisha kilima au akifukuzwa na mbwa. Cha tatu ni ugonjwa wa shinikizo la damu, huo ni ugonjwa wa kudumu, una vipimo vyake na dawa zake, na upo hata siku ambayo hamna mechi. Dabi inakupa cha kwanza na cha pili. Cha tatu haikupi, ila kama tayari unacho inaweza kukichokoza, na hapo ndo pa kuwa makini, tutafika.

Tuanze na tumbo maana ndo linalosumbua wengi.

Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo kazi yake ni kunusa hatari. Haijui tofauti ya chui na kikosi cha kwanza kinachotangazwa saa moja kabla ya mechi, yenyewe inachoona ni kwamba kuna kitu cha maana sana kwako kinakuja na kinaweza kuharibika. Ikishaona hivyo inapiga kengele, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu ndani ya sekunde chache tu. Nyuma yake, taratibu zaidi, inafuata homoni nyingine inaitwa kortisoli, hii inachukua dakika kadhaa kupanda na ikipanda inakaa. Sasa adrenalini inapanga upya mwili mzima kwa ajili ya kupigana au kukimbia: moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, ini linaachia sukari, damu inatolewa sehemu ambazo hazihitajiki kwa haraka inapelekwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono. Ngozi ni moja ya zinazonyang'anywa damu, ndo maana viganja vinakuwa vya baridi na bado vinatoka jasho. Mdomo unakauka maana mate hayana kazi kwenye vita.

Tumbo nalo linasimamishwa kazi. Chakula kinakaa palepale kwaiyo hata ukiwekewa mtori wa nyama mbele yako unaangalia tu. Lakini utumbo mpana, ule wa chini, unafanya kinyume, wenyewe unaongeza kasi kama unataka kutua mzigo. Yaani juu hakuingii kitu na chini kunataka kutoka, na kibofu nacho kinajifanya kimejaa hata kama ni vijiko viwili vya mkojo. Kwaiyo foleni ya choo kwenye banda umiza siku ya dabi siyo chakula kibaya na siyo woga wa mtu, ni mwili wenye afya unafanya kazi yake sawasawa, ila kwa taarifa ambayo siyo sahihi.

Na hapa ndo shabiki anapoumia kuliko mchezaji. Mchezaji naye ana kimuhemuhe, ila kipyenga kikilia anakimbia dakika tisini, ile adrenalini inapata kazi inaisha. Wewe umekaa kwenye benchi la mbao umebanwa na mabega ya watu wawili. Ni kifodi, daladala yetu ndogo, kimesimama stendi abiria hawajajaa, dereva anakanyaga mafuta gia iko free, injini inaunguruma, moshi unatoka, mafuta yanaisha na gari liko palepale.

Sasa swali ambalo watu huwa hawajiulizi: kwa nini masaa ya kabla ya mechi ni mabaya kuliko mechi yenyewe, na saa nyingine mabaya kuliko hata kufungwa?

Kuna utafiti ulifanywa London, chuo kikuu cha UCL, ukatolewa mwaka 2016. Walichukua watu 45 wakawapa gemu la kompyuta la kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka au hamna. Nyoka akiwepo unapigwa shoti ya umeme mkononi, siyo ya kuua ila inauma kweli. Wakawa wanapima jasho na mboni za macho. Kwa akili ya kawaida ungesema anayejua kwa uhakika kwamba anapigwa shoti ndo atateseka zaidi, si ndiyo? Hapana. Waliohangaika zaidi ni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Ukishajua shoti inakuja unajikaza inakuja inapita, lakini ukiwa hujui mwili unakaa macho wakati wote.

Hiyo ndo dabi yenyewe. Mechi na timu ya mkiani mwa ligi haikunyimi usingizi hata kama pointi ni tatu zilezile, kwa sababu kichwani umeshajiandikia matokeo. Dabi huwezi. Mei 2012 Simba kampiga Yanga 5-0, Novemba 2023 Yanga kampiga Simba 5-1 na pale mapumziko ilikuwa moja moja tu, Oktoba 2013 Yanga anaongoza tatu bila mpaka mapumziko, watu wa Jangwani, yaani Yanga, wameshaanza kuandaa maneno ya kuwaambia watani, mechi inaisha tatu tatu. Historia kama hiyo haikupi pa kushika. Ubongo unajaribu kukisia, unashindwa, unaanza upya, na huo mzunguko ndo unauita presha. Ndo maana siku ile ya 5-1, goli la nne lilipoingia watu wengi wa Msimbazi, yaani Simba, niliokaa nao walitulia ghafla, siyo kwamba walifurahi, kimuhemuhe kiliisha kikabaki uchungu, na uchungu ni kitu kingine kabisa, angalau unajua umekaa wapi.

Kwa mantiki hiyohiyo mtihani mkubwa kuliko wote kwa mashabiki ulikuwa Machi 2025. Dabi imepangwa tarehe 8, Simba wakasema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi na kwamba hawachezi, Yanga wakasema sisi tunacheza, na siku ileile ya mechi bodi ya ligi ikaiahirisha. Watu wameshavaa jezi. Mwili umejaza tanki zima la adrenalini afu unaambiwa hamna pa kwenda, na hiyo ikaendelea miezi mitatu na ushee ya itachezwa haitachezwa, mpaka tarehe 25 Juni ndo ikachezwa Yanga akashinda 2-0. Mi nina rafiki wa Simba aliniambia ile wiki ya mwisho alikuwa anataka tu ichezwe, wakifungwa wafungwe. Nilimcheka, ila wale wa London wangemuelewa.

Mtu anaweza kuuliza, haya, Simba na Yanga ni timu za Kariakoo, moja ya mwaka 1935 nyingine 1936, kutoka Arusha mpaka kule ni zaidi ya kilomita 600, wewe wa Sakina unaziangalia kwenye tivi ya inchi 43 yenye mstari katikati, moyo unakuendea mbio kwa lipi? Mwili hauangalii umbali, unaangalia kama kitu ni chako. Na timu huku ni ya kurithi, baba Yanga mtoto Yanga, ukienda kinyume unaitwa msaliti mpaka kwenye kipaimara. Wahispania walipimwa mate wakati wa fainali ya Kombe la Dunia 2010, mashabiki tu wa kawaida, hawakuwa Afrika Kusini wala uwanjani, na homoni zao zilipanda wakati wa kuangalia mechi kuliko siku ya kawaida, kortisoli ikiwa juu zaidi kwa wenye mapenzi makali na timu. Kwaiyo mtu wa Ngaramtoni anayetetemeka haigizi. (Na tukikamilishiwa uwanja wetu wa AFCON 2027 afu siku moja dabi ikaletwa hapahapa, sijui mji huu utalala vipi.)

Turudi kwa mzee aliyeanguka. Je, mpira unaua?

Madaktari wa Munich walifuatilia Kombe la Dunia la 2006 lililofanyika kwao Ujerumani. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura za moyo katika eneo lao zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Kwa wanaume mara 3.26, kwa wanawake mara 1.82, kwaiyo wale wanaosema mpira ni presha ya wanaume, na akina mama wamo. Nyingi zilitokea ndani ya masaa mawili ya mwanzo tangu mechi ianze. Na ona hii: mechi ya robo fainali na Argentina iliyoamuliwa kwa penati ilikuwa na matukio mengi sana, na Ujerumani walishinda ile! Mwili haungoji kuona kama umeshinda. Uingereza nako, siku walipotolewa na Argentina kwa penati mwaka 1998 na siku mbili zilizofuata, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa asilimia 25.

Kabla hujazima tivi milele, sikia na upande wa pili. Waitaliano waliangalia takwimu zao za mashindano makubwa matatu, 2002, 2004 na 2006, hawakuona ongezeko hilo. Halafu hata kule Munich walioathirika zaidi ni wale ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Yaani mishipa ilishakuwa myembamba kwa miaka kwa sigara, sukari, mafuta na presha isiyotibiwa, dabi ikaja ikawa tone la mwisho, na tone hilo lingeweza kuwa pia kugombana na mpangaji au kusukuma gari lililokwama. Kijana mzima asiye na tatizo moyo wake unaweza kwenda mbio dabi nzima na kesho yake akaamka vizuri tu, amechoka.

Kwaiyo kazi ni kujua wewe uko kundi gani, na hapo ndo tunakosea pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni wa wanaojipa ugonjwa wasiokuwa nao. Jamaa anatoka kuangalia mechi, anapita duka la dawa anapimwa, mashine inasema 150 kwa 95, anarudi nyumbani anaaga watoto. Kipimo hicho kimepima dabi, hakijakupima wewe. Ugonjwa wa shinikizo la damu unasemwa upo pale vipimo vinapokuwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, umekaa umetulia dakika kadhaa, hujatoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara. Usinunue dawa kwa kipimo kimoja cha siku ya mechi, na usikubali kugawiwa vidonge vya jirani.

Upande wa pili ndo mbaya zaidi, wanaosema mimi sisikii kitu kwaiyo sina. Presha kwa watu wengi haina dalili yoyote, kichwa hakiumi, macho hayaoni giza, inakula figo na moyo kimyakimya. Kujisikia vizuri siyo kipimo. Siku ya kawaida, hata Jumanne isiyo na mpira, ingia kituo cha afya kilicho karibu upimwe, shughuli ya dakika kumi.

Halafu kuna wanaojijua wanayo na dawa wanazo. Hili nimeliona kwa macho Sanawari. Mzee mmoja amewahi siti ya mbele kabisa, jezi ya kijani ya miaka hiyo imefifia mpaka inakaribia kuwa ya bluu, mfuko wa shati la ndani una kile kibahasha cha karatasi cha dawa, kimekunjwa mara mbili, juu kimeandikwa kwa peni 1x1. Kijana aliyekaa naye, nadhani mjukuu, anamwambia babu meza basi. Mzee anasema hiyo dawa inanikojosha, nikiinuka hapa siti imeenda, nitameza baada ya mpira. Na hesabu yake ukiiangalia ni ya kweli, baadhi ya dawa za presha kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini kupitia mkojo, na banda umiza siti ukiinuka imeenda. Ila ameiacha siku ambayo angeihitaji kuliko zote. Suluhisho ni dogo tu, dawa za namna hiyo kwa kawaida zinamezwa asubuhi, ukimeza saa moja asubuhi na mechi ni saa kumi na moja jioni, mbio za chooni nyingi zimeshaisha. Kama ratiba bado inakusumbua muulize aliyekuandikia, usiihamishe mwenyewe.

Sasa mambo tunayodanganyana. Bia mbili za kutuliza roho: ni kweli zinalegeza mwanzoni, ila pombe inaongeza mapigo ya moyo, masaa mengi baadaye inapandisha na msukumo wa damu, inaharibu usingizi, na hapo sijasema habari ya mbege ambayo kwa ndugu zetu wa Moshi haijawahi kuwa mbili. Vinywaji vya kuongeza nguvu ndo kabisa, unaongeza kafeini juu ya adrenalini, afu unashangaa mikono inatetemeka. Kutokula kutwa nzima nako kunachangia, njaa inaleta kutetemeka kwake na unaihesabu kuwa ni presha ya mechi, kula hata ndizi mbili na uji mapema, tumbo likiwa bado liko radhi.

Na jezi isiyofuliwa, je? Siti ya bahati? Yule anayetolewa nje kila tukishambuliwa kwa sababu ana gundu? Kwenye mpira hazifanyi kitu, refa hajui umekaa wapi. Kwako wewe ndo zinafanya, kwa sababu kinachokutesa ni kutojua na kutoweza kufanya lolote, basi ukipewa kijitendo cha kufanya, ubongo unajiona una mkono kwenye usukani na unapoa kidogo. Mi sina ugomvi nazo isipokuwa hiyo ya kutoa watu nje, nimeshatolewa na tulifungwa hivyohivyo.

Mkeka ni habari nyingine. Ukishaweka hela ya kodi kwenye dabi umechukua kutojua kumoja ukaongeza cha pili, na hiki hakiishi na kipyenga, kinakufuata mpaka kwa mwenye nyumba. Kama unataka kujua kimuhemuhe chako kingepungua kwa kiasi gani, angalia dabi moja bila kubeti.

Cha kufanya chenye maana ni kuipa adrenalini kazi. Tembea. Mechi ni jioni, mchana shuka kwa miguu badala ya boda, fua, pasua kuni, chochote kinachotumia misuli. Pumzi nazo zinasaidia kweli, vuta taratibu, toa taratibu zaidi ya ulivyovuta, dakika tatu nne, ile kutoa pole pole inaamsha mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo. Na punguza kusoma tetesi za kikosi, kila tetesi inaanzisha upya ule mzunguko wa kukisia.

Ila kuna hali siyo kimuhemuhe na haitaki pumzi wala maji ya kunywa. Kifua kinabana kama kimekaliwa, maumivu yanaenda mkono wa kushoto au taya, jasho jembamba, pumzi haitoshi, na hata ukitulia hakuishi. Au mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno yanatoka hayaeleweki. Huyo mtu asipepewe na jezi, asiambiwe subiri mapumziko, atafutiwe gari apelekwe hospitali sasa hivi hata kama ni dakika ya 89 na mna penati.

Baada ya mechi adrenalini inaondoka upesi lakini kortisoli inachelewa, ndo maana saa sita usiku umelala macho yako wazi unarudia kona ya dakika ya 70. Mwaka 1994, Brazil ilipoifunga Italia fainali kwa penati, mashabiki waliopimwa mate homoni ya testosteroni ilipanda kwa Wabrazil ikashuka kwa Waitaliano, kwaiyo yule anayekupigia honi barabara ya Sokoine na yule anayetembea ameinamisha kichwa wote wana dawa kwenye damu ambayo hawakuinunua, na ndo muda mbaya wa kuendesha pikipiki au kuanza ubishi. Meseji za watani ziache, utazijibu kesho saa nne ukishakunywa chai.